Walimu, tusigeuze jumuiya kuwa darasa

Msimu wa kuchagua viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo unapowadia katika parokia zetu za Kikatoliki, kuna jambo moja ambalo halihitaji mtabiri. Iwapo miongoni mwa waumini waliokusanyika sebuleni mwa jirani yao yumo mwalimu, jina lake ndilo litakalotajwa kwanza. Atajaribu kukataa, atasema ana madaftari chungu nzima ya kusahihisha, lakini wenziwe watapiga makofi na mambo yatakuwa yamekwisha. Awe ni wa shule ya msingi, wa sekondari au, kama mimi, wa chuo kikuu, atakabidhiwa uenyekiti kwa sababu moja tu: anajua kusimama mbele ya watu akasema.

Sina nia ya kuwakejeli walimu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao na uenyekiti huo nimeushika kwa miaka mitatu. Ninachodai ni kwamba sifa hiyo tunayochaguliwa kwayo ndiyo, aghalabu, inayoziua jumuiya zetu.

Kwa wasomaji wasiokuwa Wakatoliki, yafaa nieleze. Jumuiya ni kikundi cha familia jirani, pengine kumi, pengine ishirini, ambao hukutana kila wiki kwa zamu katika nyumba zao. Husoma Injili ya Jumapili inayofuata, husali, kisha huulizana hali: nani amelazwa, nani amefiwa, nani amefutwa kazi. Parokia moja ya mjini yaweza kuwa na maelfu ya waumini na mapadre wawili au watatu. Padre hata awe na bidii ya mchwa hawezi kujua kwamba mzee wa nyumba ya nne hajatoka nje tangu Jumanne. Jirani anajua.

Wazo hili halikuletwa na meli. AMECEA, yaani shirika la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1961, ndilo lililokutana jijini Nairobi mwaka 1973 na kuamua kwamba maisha ya Kanisa katika eneo hili yajengwe juu ya jumuiya za namna hii. Maaskofu walilirejelea jambo hilo kwa kina mwaka 1976, wakalipima tena mjini Zomba, Malawi, mwaka 1979. Huko Kongo, Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alikwisha kuanza, katikati ya miaka ya 1970, kuwakabidhi walei waliooa, walioitwa bakambi, uongozi wa parokia nzima. Nao Watanzania, waliokuwa wamezoea kukutana kwa nyumba kumi kumi katika siasa ya ujamaa, hawakuona ajabu kukutana hivyo hivyo kwa sala.

Mwanaisimu hawezi kulipita neno lenyewe bila kulitazama. Jumuiya lina shina moja na jamaa, jamii na Ijumaa. Yote yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Hakuna popote katika mzizi huo palipo na maana ya kufundisha. Mwenyekiti, kwa upande mwingine, ni neno linalomfanya mtu mmoja kuwa na kiti, ilhali katika jumuiya niijuayo mimi hakuna mwenye kiti chake. Wiki hii tunaketi kwenye makochi ya mwenye duka, wiki ijayo tunabanana kitandani na juu ya mitungi ya maji katika chumba kimoja cha kupanga.

Basi desturi ya kumweka mwalimu mbele ilitoka wapi? Jibu limo katika historia ya dini yenyewe. Wakristo wa mwanzo katika nchi ya Wakikuyu waliitwa athomi, yaani wasomaji. Wale wa Buganda waliitwa abasomi, maana ni ile ile. Kubatizwa kulikuwa ni kuingia shuleni. Aliyefundisha herufi asubuhi ndiye aliyefundisha katekisimu jioni, na hadi leo katika vigango vingi katekista huitwa mwalimu. Tumerithi Kanisa lenye ubao na chaki, na hatukuona haja ya kuuliza iwapo sebule ya jirani nayo yapaswa kuwekewa ubao.

Mwaka 1975 wanaisimu wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Sinclair na Coulthard, walichapisha uchunguzi wao kuhusu mazungumzo ya darasani. Waliona kwamba yana umbo la hatua tatu: mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutoa hukumu juu ya jibu. "Mji mkuu wa Ghana ni upi?" "Accra." "Vyema sana." Sasa jaribu kuuliza hivyo mtaani. Mtu akikuuliza ni saa ngapi, nawe ukamjibu saa tisa, kisha akakwambia "vyema sana", utamshuku kuwa na wazimu. Ni darasani tu ambamo anayeuliza huwa tayari analijua jibu, na ambamo kila asemalo mtu hupimwa papo hapo.

Umbo hilo ndilo tunaloingia nalo kwenye jumuiya. Injili ikishasomwa, mwenyekiti mwalimu huuliza, "Je, Yesu anatufundisha nini hapa?" Watu huinamisha vichwa. Mmoja hujitokeza na jibu analodhani linatakiwa. Mwenyekiti humsifu, humwongezea, kisha huhubiri kwa dakika ishirini. Akina mama huwabembeleza watoto, vijana huchungulia simu, na chai ikishaletwa kila mtu hushukuru kimoyomoyo.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, ingawa hainipendezi kuukumbuka. Jioni moja tulisoma ile habari ya mtu mwenye mkono uliopooza aliyeponywa katika sinagogi siku ya Sabato. Mama mmoja auzaye mboga mtaani mwetu, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema, aliinua mkono wake wa kulia kidogo, akaanza: "Hii mkono yangu..." Nami, bila kufikiri, kwa sauti ya upole kabisa, nikamwambia, "Huu mkono wangu, mama." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Naye akatabasamu, akasema, "Asante, mwalimu," akanyamaza.

Jambo la aibu ni kwamba kwenye mihadhara yangu huwafundisha wanafunzi kuwa usemi wa Nairobi una utaratibu wake, kwamba mfumo wa ngeli umepunguzwa humo kwa njia inayoelezeka, na kwamba anayesema "mkono yangu" hajapungukiwa na akili. Hayo nayajua kwa shahada. Lakini jioni ile kilichosema ni kile kidole chekundu cha kusahihisha.

Miezi miwili baadaye ndipo tulipogundua alichokuwa akitaka kusema. Mkono ule ulikuwa umeshindwa kubeba. Hakuweza tena kwenda Marikiti alfajiri na kurudi na magunia, na meza yake ya mboga ilikuwa imebaki tupu siku nyingi kuliko zile ilizojaa. Aliyekuwa akimsaidia kubeba ni kijana wa jirani yake Mwislamu. Sisi tuliosali naye kila Jumatano hatukuwa na habari. Katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano, jioni ile katibu aliandika kwamba mwenyekiti alitoa mafundisho mazuri.

Tatizo si kukosa mwongozo. Upo, nao ni mzuri. Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini ilibuni njia ya hatua saba ambayo jumuiya nyingi hapa nchini zinaijua, angalau kwa jina. Kwanza Bwana anakaribishwa kwa sala. Pili somo linasomwa. Tatu, kila mtu huchagua neno au kifungu kifupi kilichomgusa na kukitamka polepole, bila maelezo yoyote. Nne ni kimya. Tano, watu hushirikishana kile walichosikia moyoni, kila mtu akisema kwa nafsi yake, na ni marufuku kuhubiri wala kubishana. Sita, wanaulizana ni kazi gani inayowangoja mtaani, nani atamwona mgonjwa, nani ataenda kwa chifu, na wale waliotumwa wiki iliyopita wanaeleza walichofanya. Saba, wanasali pamoja.

Itazame njia hiyo kwa jicho la mwalimu na utaona kwa nini inamtesa. Hatua ya tatu haina jibu sahihi. Hatua ya nne ina kimya, na hakuna kitu kinachomtisha mwalimu kama kimya. Darasani kimya ni ishara kwamba somo limemshinda. Hatua ya tano inamnyima hukumu. Hivyo basi anazifupisha. Nimehudhuria mikutano ambamo hatua saba zilikuwa mbili: tulisoma, tukahubiriwa. Hatua ya sita, iliyo ndiyo miguu ya jumuiya, hubaki kuwa matangazo ya michango.

Hapa niseme kidogo kuhusu michango, kwa kuwa ndiyo malalamiko ya kwanza ya watu wengi. Ni kweli kwamba kiongozi wa jumuiya siku hizi ni mtoza zaka, mwenye orodha ya harambee ya ukuta wa parokia, na mtia sahihi wa barua ambayo bila hiyo mtoto habatizwi wala marehemu hasomewi misa. Parokia zina haki ya kutaka waumini wajulikane. Lakini mtu anapoiona jumuiya mlangoni pake wakati wa kudaiwa tu, msimlaumu akizima taa. Hayo yanatosha; jambo hili linajulikana na kila padre.

Lipo suala la lugha yenyewe, ambalo naona halizungumzwi. Katika kijiji ambamo wote ni wasemaji wa lugha moja, sioni sababu ya kuiacha lugha hiyo. Lakini katika mitaa yetu ya miji, na katika miji midogo ya Bonde la Ufa, jumuiya moja huwa na watu wa makabila matano. Mkutano huanza kwa Kiswahili, kisha mzaha unatoka kwa lugha ya walio wengi, wimbo unafuata kwa lugha hiyo, na mwishowe hata maombi. Hakuna aliyefukuzwa. Hata hivyo, wawili walioketi karibu na mlango wamekwisha kuelewa kwamba wao ni wageni. Kuna wenyeviti wengine, hasa wasomi, wanaofanya vivyo hivyo kwa Kiingereza.

Hili si jambo dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokuwa wakisali sebule moja katika Bonde la Ufa walijikuta pande mbili za vita. Mwaka 1994, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili, siku tatu tu baada ya mauaji ya kimbari kuanza nchini Rwanda, nchi ambayo wakazi wake wengi walikuwa Wakatoliki waliobatizwa na kufundishwa. Sinodi hiyo ililiita Kanisa familia ya Mungu, na waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili uliotolewa mwaka 1995 ukazisisitiza jumuiya hai ambamo watu wanaweza kuishi udugu unaovuka kabila. Sisemi kwamba ngeli na zamu za kusema zingezuia mapanga. Nasema kwamba mtu ambaye hujawahi kumsikia akimaliza sentensi yake si rahisi kumwita ndugu siku ya hatari.

Nilitabasamu mwezi Oktoba 2023, na tena Oktoba 2024, nilipoona picha za Sinodi iliyofanyika Vatikani. Makardinali, masista na walei waliketi pamoja kwenye meza za duara. Kila mmoja alisema kwa zamu kwa dakika chache, kisha wakanyamaza kabla ya kuendelea. Ulimwengu uliona jambo jipya. Mimi niliona hatua ya nne na ya tano, isipokuwa chai.

Kwenu wanafunzi nina neno pia. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, ni vijana waliozihamishia jumuiya nyingi kwenye simu, wakawaelekeza wazazi wao namna ya kurekodi sauti. Kwa miezi michache tulisikia sauti za watu ambao hatukuwa tumewasikia sebuleni, kwa vile katika kundi la WhatsApp mwenyekiti hawezi kumkata mtu kauli kabla hajamaliza. Milango ilipofunguliwa, tuliwarudisha vijana hao kwenye kazi ya kupanga viti. Msikubali. Ombeni zamu ya kuongoza hatua saba, hata kama bado mko kidato cha tatu. Haihitaji shahada, yahitaji saa ya ukutani na subira.

Nazo parokia zinapoandaa semina za viongozi, ambazo nyingi ni za kujaza vitabu vya fedha, zitenge angalau asubuhi moja ya kuwafunza wenyeviti kuketi bila kusema. Mwalimu akichaguliwa, apewe kwanza mwaka mmoja wa kuwa msomaji tu. Akina mama walio wengi katika kila mkutano wasiishie kuwa waweka hazina na wapishi.

Mimi nilijiuzulu uenyekiti kabla ya muhula kwisha. Aliyechukua nafasi yangu ni fundi wa viatu ambaye husoma kwa shida, hivyo somo humpa binti yake alisome. Yule mama wa mboga bado huja. Kwa muda mrefu hakusema neno. Jumatano iliyopita, katika hatua ya tano, alizungumza kwa dakika sita hivi juu ya mwanawe, kwa Kiswahili cha Gikomba, na ngeli zikaanguka kushoto na kulia. Nilikuwa nimekalia mtungi wa maji karibu na mlango, na nilikaa kimya.