Walinzi wa Koo

Msomaji, simama mbele ya kioo ufungue kinywa. Nyuma ya ulimi, kuume na kushoto, utaona vinundu viwili vya nyama. Hizo ni tezi za koo, ambazo zikivimba twaziita mafindofindo. Nyuma ya pua, mahali kioo kisipofika, ipo tezi nyingine iitwayo adenoidi. Katikati huning'inia kimio. Viungo hivi vyote vina maadui wawili: ujinga udhanio kuwa ni nyama ya ziada, na wembe utumwao na ujinga huo.

Mazoea ya kumkata kimio mtoto akohoaye ni ya zamani katika sehemu kadha za Kenya na Tanzania, wala hayajakwisha. Nawe ukaaye Kawangware, Kangemi au Dagoretti, yamkini siku moja utamsikia jirani akimshauri mama: "Mtoto huyu ana kimio, akikatwa atapona." Siku hiyo usinyamaze. Wembe mchafu waweza kuleta damu isiyokoma, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI. Tena, ikiwa koo limeshikwa na vijidudu viitwavyo streptokoki, ugonjwa huendelea bila dawa huku watu wakingoja kidonda kipone. Mwisho wake waweza kuwa homa ya baridi yabisi, iharibuyo milango ya moyo. Penisilini ikitolewa mapema huizuia. Je, ni busara kumwaga damu ya mtoto na kuuacha ugonjwa ulipo?

Wengine husema: "Wengi wametolewa tezi za koo, na wangali hai." Ni kweli, lakini hoja hiyo ni dhaifu. Nairobi ikipungukiwa na askari mmoja haianguki siku ile, kwa kuwa wenzake huishika zamu yake. Nani atasema kwa sababu hiyo kwamba askari yule hakuwa na kazi? Pumzi tuvutayo katika vumbi la Barabara ya Waiyaki au katika msongamano wa River Road hupita mlangoni pa tezi hizi. Humo chembe za ulinzi humkuta adui, hujifunza sura yake, na huunda kingamwili za kumpiga.

Ushahidi upo. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, aliyeingia Nairobi kwa ndege. Shule zikafungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Duniani kote watoto wengi walioambukizwa hawakuzidiwa kama wazee. Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walieleza walivyochunguza tezi za watoto 110 waliopasuliwa hospitalini. Watoto 24 kati yao walikuwa na dalili za kuwa wamepata kuambukizwa korona. Na ndani ya tezi zao zilikutwa chembe zimtambuazo adui yule, hata baada ya ugonjwa kupita. Sisemi kuwa tezi peke yake ndizo zilizowaokoa watoto. Nasema kuwa kilichoitwa nyama ya bure kilikutwa kazini.

Wala sisemi kuwa tezi zisitolewe kamwe. Mtoto akikoroma hata pumzi ikakatika usingizini, au koo lake likiugua mara nyingi mwaka baada ya mwaka, na daktari akapima na kuamua, upasuaji wa hospitali ni rehema. Lakini hukumu hiyo ni ya daktari. Si ya jirani, wala si ya mwenye wembe.

Mdharau mwiba guu huota tende. Wewe uliyepata elimu una deni kwa mdogo wako asiyeweza kujitetea. Koo lake likiuma, mshike mkono umpeleke kituo cha afya. Na mtu akija na wembe, simama mlangoni.