Pima Zege Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Sisi wa Migori na Homa Bay tumezoea kupima. Miwa hupimwa kwa tani, pamba na tumbaku kwa kilo, mbegu za mahindi kwa ekari. Lakini ikifika siku ya kujenga nyumba ya kudumu, mizani tunaiweka kando. Tunamwuliza fundi, "Simiti mifuko mingapi?" Naye hutazama uwanja, hufikiri kidogo, husema, "Ishirini na mitano itatosha." Basi ng'ombe huuzwa. Kwa maoni yangu desturi hii yafaa tuiache.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Nyumba yangu ilikuwa na urefu wa mita 9 na upana wa mita 6. Nilinunua mifuko 25 ya sakafu kama nilivyoambiwa. Tulipofika chumba cha mwisho simiti ilikuwa karibu kwisha, na fedha iliyobaki ilikuwa karo ya watoto. Fundi akazidisha mchanga ili kazi imalizike. Haikupita miaka miwili chumba kile kikaanza kumomonyoka, kila kukifagiwa vumbi tupu. Ilinibidi kukibomoa na kukimwaga upya.

Kumbe hesabu yake haimshindi mtu aliyejifunza kuzidisha. Chukua urefu, zidisha kwa upana, kisha zidisha kwa unene. Sakafu yangu ilikuwa ya unene wa sentimita 10, yaani 9 mara 6 mara 0.1, jumla mita za ujazo 5.4. Zege la simiti 1, mchanga 2 na kokoto 4 hutaka mifuko 6 na theluthi hivi ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo nilihitaji mifuko 34, nami nilinunua 25.

Msingi nao una hesabu yake. Kuta za nje na ukuta mmoja wa kati zilikuwa mita 36. Zege la chini lenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 3.24. Jumlisha na sakafu upate 8.64. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya linalomwagika, upate 9.5. Hiyo ni mifuko 60 ya simiti, mchanga mita za ujazo 4 na robo, na kokoto 8 na nusu.

Mchanga na kokoto huuzwa kwa lori, na malori hayalingani. Pima ndani ya bodi kabla hujalipa. Bodi ya urefu wa mita 3, upana wa mita 2, iliyojazwa kwa kimo cha sentimita 70, ina mita 4.2. Kumbuka pia kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, basi usihesabu kwa kubana sana. Wakati wa kuchanganya tumia sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana 35 na kimo 25. Hilo hulingana na mfuko mmoja wa simiti. Kwa kila mfuko, masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Beleshi si kipimo.

Wako watakaosema kwamba fundi ana uzoefu na kumpimia ni kumdharau. Mimi sikubali. Fundi hodari hufurahi akipewa vifaa vya kutosha, kwa maana sakafu ikiharibika jina lake ndilo hutajwa. Lakini anayelipa ni mkulima, na anayelipa ndiye apaswaye kushika futi ya kupimia.

Wengine hununua mingi kupita kiasi ili wawe salama. Hiyo nayo ni hasara. Simiti ikikaa ghalani wakati wa mvua hupata unyevu na kuganda, na hata ile isiyoganda hupungua nguvu baada ya miezi mitatu hivi.

Sawazisheni uwanja kabla ya kumwaga. Sakafu ya mita 9 kwa 6 ikizidi unene kwa sentimita 2 na nusu tu, hula karibu mifuko 9 zaidi. Na ninyi wa bonde la Lambwe, na kwingineko kwenye udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, chimbeni mpaka ardhi ngumu, kisha ndipo mpime msingi. Zege zuri juu ya udongo ule halifai kitu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika hesabu yako leo, uisome mbele ya fundi na mbele ya mama watoto, ndipo umfungue ng'ombe.