Butega nayo iingie kamusini

Tunapofundishwa jinsi neno linavyopanuka maana, mfano wa kwanza huwa "fedha": lilitoka Kiarabu likiwa jina la madini meupe, kisha likawa pesa. Mfano ni mzuri. Ninachopinga ni kuishia hapo, kana kwamba pambo liligeuka pesa pwani tu.

Pwani ina utajiri wake, sikatai. Unguja na Oman, masonara waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, wakafua mapambo. Kila pambo lilipewa jina kwa umbo lake na mahali pake mwilini: kekee ni bangili pana ya mkononi, mtali na furungu ni vya mguuni, kipini ni cha puani. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliyaorodhesha.

Huku kwetu tulikuwa na butega: vikuku vya nyuzi za mimea, vilivyosukwa na Batembo katika misitu ya magharibi mwa Ziwa Kivu. Karne ya 19, wafanyabiashara Bahavu walivivusha kwa mitumbwi hadi Rwanda, na sokoni vilitumika kama pesa. Pambo likawa pesa hapa hapa ziwani, bila riale wala sonara. Hata hivyo, mwanafunzi wa Goma anaweza kueleza mtali ambao hajawahi kuuona, na butega asiijue.

Birere na Virunga, wasichana husema "sheni" na "brasele". Sina ugomvi na Kifaransa. Lugha hukopa, na "fedha" yenyewe ni mkopo. Wasiwasi wangu ni kwamba wanaojua jina la kila kikuku, nani alikivaa na siku gani, ni wazee. Vita vimewaleta wengi Goma kutoka Masisi, Walikale na Kalehe. Aliyekimbia alibeba watoto na godoro. Vikuku vilibaki nyumbani. Kilichobaki kwake ni neno, nalo halina wa kuliandika.

Wapo wanaosema butega si Kiswahili, ni neno la makabila. Je, "ikulu" na "bunge" yalitoka wapi kama si katika lugha za bara ya Tanzania? Yaliingia kwa sababu kuna watu waliyapeleka.

Wanafunzi wenzangu, napendekeza jambo dogo. Kila mmoja wetu akusanye maneno 20 ya mapambo kutoka kwa wazee wa lugha yake, iwe Kihunde, Kinande, Kitembo au Kihavu: jina, malighafi, mahali pa mwili, mvaaji, sherehe. Wazee hawako mbali. Ni majirani zetu. Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tukienda huko mikono mitupu, tusilalamike kamusi ijayo ikijaa mapambo ya wenzetu peke yao.