Watalii Wasiotalii

Neno kutalii limevunjiwa heshima. Katika Kiswahili cha wazee, kama katika Kiarabu lilikotoka, kutalii ni kusoma kwa makini, kulipekua jambo mpaka undani wake uonekane; ndugu yake ni mutalaa, neno ambalo wapenzi wa vitabu wa mwambao hawajalisahau. Mtalii basi ni msomaji kwanza. Lakini jina hilo sasa amevikwa mtu anayefikishwa Mji Mkongwe wa Unguja akiwa hoi, katika siku za mwisho za safari ndefu, akazungushwa kwa muda wa saa 3 au 4 baina ya Shangani na Darajani, kisha akatiwa garini kupelekwa Nungwi au Paje akalale mchangani. Mtu huyo hakutalii kitu. Na lawama si yake, kwani hakuna aliyemfungulia ukurasa.

Mpango wa safari zenyewe unajulikana. Arusha, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti. Wengine wameanza na Kilimanjaro, wakashuka na malengelenge miguuni. Wiki nzima ya vumbi na kuamka alfajiri, halafu ndege ndogo, halafu kisiwa. Katika karatasi za mawakala mji huu huandikwa chini kabisa, na mbele ya jina lake huandikwa kwamba ni pahala pa kupumzika. Kule bara mgeni alinyamazishwa. Aliambiwa akae kimya garini saa mbili nzima, asikohoe, akimngoja chui ateremke mtini, naye akakaa. Alifundishwa kumjua simba jike na ukoo wake, na nyumbu na sababu ya kuhama kwake. Anapofika Kiponda, ambako wanaishi watu wenye ukoo na sababu, hakuna anayemwambia akae robo saa juu ya baraza na kusikiliza. Anaambiwa atazame juu, apige picha ya roshani, aende mbele.

Husemwa kwamba mgeni amechoka, hana haja ya elimu tena. Hoja hii haina miguu. Pwani imekuwa mwisho wa safari ndefu tangu kabla ya kuweko wakala yeyote. Misafara ya Tabora na Ujiji ilikomea Bagamoyo, ng'ambo ya mkondo, na wapagazi waliotua mizigo pale walikuwa wamechoka kuliko mtu yeyote aliyeshuka mlima kwa viatu vya kukodi. Hata hivyo walisikiliza, walijibizana, na Kiswahili kilirudi nao bara kikiwa kimenona. Wageni wa baharini nao waliletwa na kaskazi, na kwa kuwa upepo hauna tiketi ya kurudi, walilazimika kungoja kusi. Walikaa miezi. Walipanga Malindi na Funguni, wakauza tende na mazulia, wakagombana, wakaoa. Hawakuwa malaika, na wazee walikuwa wakiwafungia watoto ndani msimu wa majahazi kwa hofu ya kuibiwa. Lakini waliondoka na lugha, na walichokiacha mjini kimo ndani ya lugha mpaka hii leo.

Wenyeji wana methali ya mgeni na siku zake: siku mbili hukirimiwa, ya tatu hupewa jembe. Watu huicheka kama kwamba ni methali ya uchoyo. Sivyo. Jembe ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu siku ya tatu ndipo mgeni anapohisabiwa kuwa mtu, mwenye kazi, mwenye kuulizwa habari na kujibu. Ratiba za sasa zimekatwa kwa hadhari ili siku ya tatu isifike mjini.

Na katika hizo saa chache huonyeshwa nini? Milango, kwanza. Mtembezaji hugusa misumari ya shaba na kusema iliwekwa ili ndovu wasivunje, kama ilivyokuwa Bara Hindi. Wageni hucheka, kwani katika kisiwa hiki hakuna ndovu, na wao ndovu wamekwisha kuwaona juzi. Kisha wanaondoka. Juu ya kizingiti cha mlango ule ule pamechongwa maandishi. Mara nyingi ni Aya ya Qur'ani, mara nyengine na mwaka wa Hijria. Ni khati ile ile ambayo washairi wa mwambao waliandikia tenzi zao kwa karne na karne. Mlango una maneno juu ya paji lake, na mtu anayejiita mtalii anapitishwa chini yake akihisabu misumari.

Kisha Mkunazini. Hapa ndipo penye donda, wala pasipitwe kwa haraka. Soko la watumwa lilikuwepo pale, na ukatili wake hauhitaji kutiwa chumvi. Lilifungwa 1873 kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash, na msingi wa kanisa ukawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Mgeni huteremshwa katika vyumba vya chini, vyembamba na vyenye giza, akaambiwa kuwa hapo ndipo walipofungiwa watumwa wakingoja mnada. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, soko lilipokuwa limekwisha kufungwa, na wanahistoria wamekitilia shaka kisa hicho zaidi ya mara moja. Mgeni haambiwi shaka hiyo. Hutoka akifuta machozi, na machozi yake ni ya kweli. Kilicho na walakini ni ukuta aliolia mbele yake. Kumbukumbu ya watu walioteswa inastahiki ushahidi ulio imara kuliko huo, kwani siku mgeni mmoja mwerevu atakapogundua tarehe, atakuwa na udhuru wa kukanusha yote.

Ushahidi ulio imara upo, nao una sauti. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kiasi cha 1880, katika nyumba ya watu wa asili ya utumwa. Aliuza vyungu kwa miguu, akaingia mjini 1911, akajifunza muziki, na 1928 yeye na wenzake wakapelekwa Bombay kutiwa katika santuri. Aliimba kwa Kiswahili ambapo majumba ya kifalme yalizoea taarabu ya Kiarabu. Katika nyimbo zake mna mahakama, mna hongo, mna mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyeponyoka. Shaaban Robert aliona maisha yake yanafaa kuandikiwa kitabu. Hapa pana mtoto wa watu waliomilikiwa akisema, kwa ulimi wake, mambo yaliyokuja baada ya minyororo, na sauti yenyewe bado inasikika. Matembezi ya kawaida humpeleka mgeni katika ghala yenye shaka, wala hayamwambii kwamba sauti hii ipo. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo, na Ng'ambo haimo katika ramani ya matembezi. Barabara iliyopita palipokuwa mkono wa bahari imegeuzwa kuwa mpaka wa ulimwengu.

Hata ndani ya kanisa lile lile mambo yamepinduliwa. Mgeni huonyeshwa msalaba unaosemwa kuwa ni wa mbao za mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa, huko mbali. Nyuma ya madhabahu amelala Askofu Edward Steere. Mtu huyo, kwa kila analoweza kulaumiwa mmishionari wa zama zake, alikaa chini na watu wa Unguja, akasikiliza hadithi zao, na 1870 akazipiga chapa kwa Kiswahili na tafsiri kando yake. Alitalii. Mji huu una kaburi la mgeni aliyesikiliza, na unaonyesha kipande cha mti.

Freddie Mercury hana kosa. Alizaliwa hapa 1946, familia yake ikaondoka 1964, akawa alivyokuwa kwengine. Na kwa kuwa nyumba zinazodaiwa kuwa zake ni zaidi ya moja, biashara inaendelea vyema. Linalokera ni kipimo. Haji Gora Haji, mwana wa Tumbatu, mvuvi na baharia aliyetoa diwani ya Kimbunga 1994, aliishi katika kisiwa hiki hadi alipofariki 2021. Ni wageni wangapi walitajiwa jina lake?

Wapo watakaojibu kuwa ushairi hauuziki, kwamba Mzungu hajui Kiswahili na tungo zitampita masikioni kama upepo. Wamemsahau Bi Kidude. Ajuza yule, aliyezibeba nyimbo za Siti mpaka alipofariki 2013, aliimba Ulaya na kwengineko mbele ya watu wasiojua hata neno moja, nao hawakutoka ukumbini. 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Na karibu kila Februari, tangu 2004, watu hutoka mbali kuja Ngome Kongwe katika tamasha la Sauti za Busara, wakasimama usiku kucha. Mgeni hununua anachoonyeshwa. Akionyeshwa iliki na mdalasini atanunua iliki na mdalasini. Akifundishwa “jambo” kavu, lisilo na hu- wala si-, atalirejesha kwao kuwa ndiyo lugha, naye ametoka katika mji ambao lahaja yake ilichaguliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na lugha hiyo UNESCO imeitengea siku yake ya kimataifa, Julai 7, tangu 2021.

Watembezaji wasibebeshwe mzigo wote. Wengi wao ni vijana wanaojua zaidi ya wanayoyasema, wanaishi kwa bakhshishi, na huku nyuma wanasukumwa na mapapasi wanaoahidi matembezi ya haraka zaidi kwa bei nafuu zaidi. Wenye kulaumika ni wanaopanga ratiba, na wanaotoa vibali bila ya kuuliza mtembezaji amesoma nini. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ulinzi wa mawe peke yake umetosha kuonekana ulivyo dhaifu: Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, katikati ya ukarabati, na watu 2 wakafa. Jumba hujengwa upya fedha zikipatikana. Lakini nyumba zinapogeuzwa hoteli moja baada ya moja, bibi aliyekuwa akiishi ghorofani huhamia Fuoni au Mwanakwerekwe, na mafumbo aliyokuwa akiyatega barazani hayana mkarabati.

Washairi nao wana sehemu yao katika aibu hii. Hukutana, husomeana, hulalamika kuwa wasomaji wamekwisha, ilhali maelfu ya watu wenye nafasi na fedha hupita mbele ya milango yao kila mwaka wakitafuta cha kusimulia watakaporudi kwao. Mtu wa kuwafasiria si mtu wa kuagizwa kutoka nje. Tungo 10 za Unguja na Pemba, Kiswahili upande huu, Kiingereza au Kitaliano upande wa pili, maelezo mafupi ya nani alitunga na mtaa gani: kijitabu hicho hakizidi kurasa 32. Kinaweza kupigwa chapa mjini hapa kwa bei ya sahani mbili za vyakula vya Forodhani kila nakala. Mtembezaji akikiuza apewe fungu lake, na mtungaji aliye hai apewe lake. Wakala akitaka cheti cha kuwa anajali utamaduni, na ashurutishwe kupunguza usiku mmoja wa mbugani ili uongezwe mjini, na saa moja ya usiku huo itumike kukaa barazani, kahawa mkononi, mtu mzima akighani.