Pesa ya mjusi haijapotea

Tangu niseme kwamba bro wangu huko Leeds anatunza mjusi mzee, swali linalokuja kila siku ni moja: "Yaani tulichanga aende majuu, na doo anawekea mjusi?" Wengi wanaouliza ni majirani hapa Ziwani, watu waliotoa mia tano tano kwa ile harambee, kwa hivyo wana haki ya kuuliza. Leo najibu. Nasema hiyo ni kati ya pesa zilizotumika vizuri zaidi kwa familia yetu mwaka huu, na sababu ninazo.

Kwanza stori yenyewe. Bro ni mlezi kwa nyumba ya wazee. Alifika Uingereza baada ya Machi 2024, wakati sheria ya huko ilikuwa imeshabadilika na mlezi mpya haruhusiwi kwenda na bibi wala watoto. Kwa hivyo binti yake ako hapa na sisi, na yeye ako huko kwa chumba kimoja. Karibu na Januari, jirani yake, mzee wa miaka themanini na kitu, alihamia nyumba ya wazee na mjusi wake hakuruhusiwa kuingia naye. Watoto wa huyo mzee hawakumtaka. Watu hutafuta wanyama wakiwa wadogo, wakiwa na sura ya video. Nani anatafuta mjusi wa miaka 16? Bro akasema, leteni. Na huyo ni msee hajawahi kufuga hata kuku.

Msimfikirie yule mjusi kafiri anayekimbia ukutani stima ikiwashwa. Huyu ni geko chui, asili yake ni nchi kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Ana madoa, vidole vyake havishiki ukuta, na ana kope za kufunga macho, kitu ambacho mjusi kafiri wetu hana. Akitunzwa fiti anaishi miaka 15 hadi 20. Piga hesabu: alianguliwa nikiwa darasa la kwanza, na saa hii yeye ni mzee wa kijiji.

Juu bro hufanya kazi usiku, mimi ndiye nilipewa kazi ya kusoma. Mnajua niliacha chuo, lakini sikuacha kusoma. Nilipitia miongozo ya madaktari wa wanyama, nikawa namrekodia kwa Kiswahili, naye anasikiliza kwa basi akitoka shifti. Na hapo ndipo nilianza kuheshimu hii kazi.

Chukua joto peke yake. Mjusi hatengenezi joto lake kama sisi, analitoa nje. Kwa hivyo sanduku lake la kioo lazima liwe na upande wa moto, jiwe la digrii kama 32 hadi 34, na upande wa baridi kiasi, kama 25, ndio achague mwenyewe. Akikosa joto, chakula hakisagiki, kinaozea tumboni. Na hita bila themostati inaweza kumchoma akiwa amelala, hasa mzee ambaye hasongi haraka.

Chakula nacho ni wadudu, nyenje mara nyingi, lakini wadudu hawana kalsiamu ya kutosha. Lazima uwapake poda ya kalsiamu na vitamini D3. Ukiruka hiyo, mwili unafuliza kutoka kwa mifupa, na hiyo Fuliza hailipiki: taya linalegea, miguu inapinda. Halafu ngozi. Mjusi hujivua ngozi, na akizeeka inambakia kwa vidole. Hicho kipande kinakauka, kinakaza kama uzi, damu haipiti, kidole kinakatika. Dawa yake ni rahisi, kona moja ya sanduku iwe na unyevu kila wakati, lakini lazima mtu akumbuke kuiweka unyevu.

Kitu muhimu kuliko vyote ni mizani ya jikoni. Kila Jumapili bro anampima kwa gramu na kuandika kwa daftari. Mwezi wa tatu, gramu 61 zilishuka zikawa 54. Mkia wake, mahali anapoweka mafuta yake, ukaanza kukonda. Watu aliokuwa anaishi nao kwa hiyo nyumba wakamwambia, huyo amezeeka tu, mwache aende pole pole.

Bro akampeleka kwa daktari wa wanyama. Bili ya hiyo siku ilikuwa zaidi ya kodi ya mwezi mzima ya nyumba yetu hapa, na hii ndiyo pesa mnayoulizia. Daktari akapata jicho moja lina mtoto wa jicho. Mjusi alikuwa na njaa, lakini alikuwa anarukia nyenje na kukosa, anarukia na kukosa, mpaka anachoka. Kumbe ilitakiwa tu apewe chakula kwa koleo ndogo, upande wa jicho zima. Bro akatoa mawe ya kupanda, akaweka karatasi chini badala ya mchanga, maji kwa kisahani kifupi. Mwezi wa nne alikuwa amerudi gramu 59.

Sasa sikilizeni hayo maneno, "amezeeka tu". Mwezi wa tano yalikuja kwa nyumba yetu. Shosho alianza kurudisha sahani. Kila mgeni aliyeingia alisema vile vile: amezeeka tu, wazee huwa hivyo. Nikamtajia bro kwa simu ya video, na hakuuliza kama tunampenda. Aliuliza, "Anaacha chakula chote, ama anaacha kigumu? Mmempima kilo?"

Siku tatu niliangalia sahani. Githeri inarudi, nyama inarudi, uji unaisha, avokado inaisha. Nikaketi karibu naye.

"Shosho, fungua mdomo kidogo nione."

"Unatafuta nini huko, wewe? Mimi si mbuzi wa Kiamaiko."

Alifungua mwishowe. Jino la nyuma limepasuka, ufizi umevimba mwekundu, na hakuwa amesema kitu juu hakutaka tutumie pesa ya karo ya mtoto. Jino likang'olewa. Wiki mbili baadaye alikuwa anauliza nani amemaliza githeri. Ndio, shosho amezeeka. Pia alikuwa anaumwa. Hivyo ni vitu viwili, na hicho cha pili kina dawa.

Hiyo ndiyo maoni yangu yote, wasee. Ukitaka kumuua kiumbe mzee bila kesi, sema tu "ni uzee" na ukae. Hilo neno linatuokoa gharama, linatuokoa safari ya hospitali, linatuokoa kuketi na mtu dakika arobaini akila. Hizi nyumba zetu za zamani za kaunti zimejaa mashosho na maguka waliokaa hapa kabla wazazi wetu wazaliwe. Tunawapostia siku ya kuzaliwa na moyo mwekundu, halafu hakuna mtu kwa nyumba anajua walikula nini jana. Bro anajua, na yuko mbali na hapa kilomita maelfu. Anajua juu ameshazoea kuhesabu: wazee wake wa kazini mchana na usiku, mjusi wake Jumapili. Ni mkono ule ule.

Na kama shida yako ni binti yake, karo haijawahi kuchelewa hata muhula mmoja. Lakini pia fikiria mtu mzima anayetoka kazini saa moja asubuhi, anaingia chumba ambacho hakuna mtu wa kumuuliza umeshindaje. Kuna kiumbe kinamngoja hapo, kinahitaji joto na kinahitaji yeye akumbuke. Sioni kama hiyo ni anasa. Naona kama ndiyo inamfanya asikate tamaa arudi kabla wakati.

Sasa kabla mtu aende City Park kuchukua kinyonga aweke kwa katoni: usijaribu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali cha KWS kabla ufuge mnyamapori, na hawachezi. Mei 2025, korti ya JKIA iliwapiga watu wanne faini ya milioni moja kila mmoja, ama jela miezi 12, kwa sababu ya siafu, eeh, wadudu wa kawaida tu. Wawili kati yao walikuwa vijana Wabelgiji wa miaka 19 waliopatikana na karibu elfu tano. Na hata bila sheria, tofauti iko wazi: yule geko alizaliwa ndani ya kioo, hana kichaka cha kurudi. Kinyonga wa mtini ana kwao tayari. Ukisikia lazima uwe na mnyama, KSPCA huko Karen wana mbwa na paka wanaotafuta nyumba. Uliza kuhusu wale wakubwa, wenye hawachaguliwi. Lakini uliza kwanza anakula nini, daktari wake ni pesa ngapi, na nani atamwangalia ukisafiri. Ukishindwa kujibu hayo matatu, muache mahali ako.

Kama huna mnyama na hutaki, uko na mzee. Jumapili hii kaa naye akikula. Angalia ameacha nini na amemaliza nini, andika kwa simu yako, na Jumapili ijayo uangalie tena.