Mlinzi wa Getini Anasikia

Kila usiku wa vichekesho Arusha una Mmasai wake. Mchekeshaji hupanda jukwaani, akajitupia shuka begani, akashika rungu, akakivunja Kiswahili makusudi, na kabla hajafika popote ukumbi umeshaangua kicheko. Mmasai haijui lifti. Mmasai kajiona kwenye kioo, kadhani ni nduguye. Tumezisikia hizo tangu shule ya msingi. Nje, getini, magari ya wanaocheka yanalindwa na kijana wa Kimaasai mwenye shuka na rungu la kweli, na spika za ukumbi zinamfikia vizuri tu.

Ukimgusa mchekeshaji, jibu liko mdomoni: ni utani tu, mbona watu wana hasira? Jibu hilo limezoeleka mno, hakuna anayelikagua tena. Sisi tunalikagua, kwa sababu utani tunaujua.

Utani wa makabila ni mali ya nchi hii, na haukuwa wa holela. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, kisha wakawa watani. Mchaga na Mpare hawaishi kuchokozana. Lakini mtani akikutukana leo, kesho zamu ni yako, naye hana ruhusa ya kununa. Ukifiwa, huyo huyo ndiye anayefika na kelele zake, akamwigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, na katikati ya vurugu hizo akashika jembe. Tusi la mtani lina deni nyuma yake. Mchekeshaji wa jukwaani kachukua tusi, deni kaliacha mlangoni. Haendi Monduli kuzika mtu. Wala wa getini hajapewa maiki amjibu.

Kwamba lafudhi ya Kimaasai inaweza kuchekesha bila kumvua mtu nguo, hilo halina ubishi. Abel Motika, tuliyemjua kwa jina la Mr. Ebbo na aliyefariki Desemba 2011, alichekesha nchi nzima kwa lafudhi hiyo hiyo katika wimbo wa "Mi Mmasai". Tofauti ni kwamba yeye alikuwa Mmasai, alijisemea mwenyewe, na umasai wake aliujivunia. Waliokuja baadaye walibeba lafudhi, mwenyewe wakamwacha.

Msomaji atauliza: kuna ubaya gani, si maneno tu? Basi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 na 1968, hapa hapa mkoani, serikali iliendesha kampeni ya kuwavalisha Wamaasai suruali. Aliyevaa lubega na kujipaka udongo mwekundu alikuwa hatakiwi kwenye basi wala ofisini. Kampeni ile haikuangukia watu kutoka mbinguni. Ilitanguliwa na miaka ya kumwona Mmasai kama kituko, mtu wa zamani anayeiaibisha nchi mpya. Kicheko kilitangulia, amri ikafuata. Leo lubega ile ile ndiyo inayopamba mabango ya kampuni za utalii kuanzia Clock Tower hadi uwanja wa ndege wa Kisongo. Jiji linamuuza Mmasai mchana, usiku linamcheka.

Tena mji huu hauna kisingizio cha kutojua maneno yanaweza kufika wapi. Kwa miaka ishirini, kuanzia 1995 hadi 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa kwenye majengo ya AICC. Desemba 3, 2003, iliwatia hatiani, kwa kuchochea mauaji ya kimbari ya Watutsi, waanzilishi wawili wa redio ya RTLM pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Redio ile watu waliipenda. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu wenye mzaha wa kijiweni, na gazeti lilijaa katuni. Watu walicheka kwanza.

Hatusemi kijana anayechekesha Njiro ni mwuaji. Majaji wenyewe walikuwa waangalifu katika hilo. Mwanamuziki Simon Bikindi alihukumiwa miaka 15 Desemba 2008, na nyimbo zake zilichambuliwa kwa kirefu, lakini kilichomfunga si nyimbo. Ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti cha gari barabarani, Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Sanaa ilipewa nafasi yake hata pale.

Anayetuhusu zaidi ni Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyetangaza RTLM kwa Kifaransa. Mei 2000 alisimama mbele ya majaji, hapa mjini, akakiri makosa. Akapewa miaka 12. Kukiri kwake na majuto yake vilimpunguzia adhabu. Aliyoyasema redioni ni mabaya mara elfu kuliko kichekesho chochote cha hapa kwetu, na bado aliweza kutamka kwamba maneno yale yalikuwa yake. Wachekeshaji wetu, kwa kosa dogo kuliko hilo, wanashindwa hata kulitaja.

Kuna watakaotaka polisi waingie. Hapana. Polisi tumeshawaona kwenye kazi hiyo. Mei 2020 walimkamata mchekeshaji Idris Sultan kwa sababu ya klipu akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Dola ikikabidhiwa mizani ya vichekesho, itaanza kupima vile vinavyomgusa mkubwa, na Mmasai wa getini atabaki alipo. Wenye kazi ni wachekeshaji wenyewe na wanaouza tiketi zao.

Wamaasai nao si malaika katika mambo haya. Jina "Mang'ati", ambalo nchi nzima inawaita Wabarbaig bila kufikiri, ni neno la Kimaasai la adui. Wenyewe hawakujiita hivyo. Na Mhindi wa dukani, na Msomali, na Mbulu, wote wana vichekesho vyao kwenye foleni. Tumeanza na Mmasai kwa sababu ndiye anayelinda magari.

Sasa, kuomba radhi. Mtindo wa mjini ni huu: "Kama kuna aliyekwazika, naomba anisamehe." Hiyo "kama" ndiyo inayoharibu kila kitu. Unajua yupo. Umesikia ukumbi ulivyonyamaza upande mmoja. Sentensi ile inamrudishia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba kaumia, nawe unaondoka bila kutoa kitu.

Hata nia njema inaweza kupotea mahali. Novemba 2006 mchekeshaji Michael Richards, yule Kramer wa tamthilia ya Seinfeld, aliwamwagia matusi ya rangi watazamaji weusi kwenye klabu moja ya Los Angeles. Siku tatu baadaye akaomba radhi kupitia kipindi cha David Letterman. Watazamaji wakaanza kucheka. Walidhani ni sehemu ya onyesho, ikabidi Jerry Seinfeld, aliyekuwa mgeni kipindini, awaambie waache. Mtu aliyezoea kuchekesha akisema "samahani" kwenye kipindi cha kuchekesha, nani ajue lini ameacha kazi?

Kwa hiyo tunataka mambo ya kushikika. Mchekeshaji alichosema akitaje bila kukizungusha, na amtaje aliyemsema. Akisemee pale pale alipokisemea mwanzo: kama ilikuwa jukwaani basi jukwaani, siyo kwa maandishi madogo mtandaoni usiku wa manane. Na ile klipu aishushe. Hapo ndipo utaona watu wanavyobabaika, maana klipu ya Mmasai na lifti bado inaingiza pesa kila siku, na radhi isiyogusa pesa ni rahisi. Mtani wa zamani alijua kwamba akivuka mpaka, anatoa kitu mkononi.

Waandaaji nao wasijifiche nyuma ya msanii. Wao ndio waliokodi ukumbi, wakapanga kiingilio, wakachagua nani apande. Tunawapa jaribio moja lisilo na gharama. Onyesho lijalo, iwe Njiro, Sakina au Tengeru, watenge viti viwili vya mbele kwa walinzi wa zamu, bure, na magari yalindwe na mtu mwingine kwa saa mbili. Mchekeshaji awaone usoni kabla hajafungua mdomo. Halafu tuhesabu ni vichekesho vingapi vya Mmasai vitabaki kwenye daftari lake.