Spana za Bei Mbaya Kama za Mastaa: Unazihitaji Kweli?

Wadau, baiskeli imeshakuwa fasheni mjini. Siku hizi staa haposti baiskeli peke yake, anaposti na boksi la spana linalong'aa, na huko chini mashabiki wanaulizana bei. Sasa wewe mwenye baiskeli ya mtumba ya kuendea kazini, boksi lile la nini?

Mimi nasema achana nalo, ila usibebe za bei chee zote. Hela yako iweke kwenye kile kinachoshika nati na bolti: spana namba 15 ya peda, na alenkii namba 4, 5 na 6. Spana ya chuma laini inapanuka mdomo, inateleza, inakula kona za nati. Ulichookoa dukani unakipeleka kwa fundi. Na kama ni bolti ya breki imelika, huwezi kuikaza sawasawa. Breki ikigoma mbele ya daladala, laiki hazitakusaidia.

Vingine nunua vya bei rahisi bila aibu: plastiki za kutolea tairi, viraka, solusheni, brashi ya kusugulia cheni.

Na ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Ina kazi yake kwenye fremu ya kaboni, maana ukizidisha kukaza inaweza kupasuka. Yeye anaendesha kaboni, wewe chuma. Nunua spana ya baiskeli yako, siyo ya picha yake.

Au nadanganya, wadau?